TAHADHARI: Hiyo "glaifoseti" ya bei chee inayouzwa magulioni si glaifoseti

Wakulima wenzangu, hasa mnaoandaa mashamba sasa hivi. Kuna jamaa anazunguka magulio ya huku Kilosa na pikipiki, anauza dawa ya magugu kwenye galoni zenye lebo ya glaifoseti 480, bei karibu nusu ya ile ya duka la pembejeo. Asiye na hela ya galoni anapimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Majirani zangu kadhaa wameshanunua, na ndago zao (magugu yenye vinundu ardhini) zimerudi zote.

Ujanja wake ni maonyesho. Asubuhi anapulizia kipande cha majani pembeni ya gulio, jioni yameungua, watu wanatoa hela. Hapo hapo ndipo anapojiumbua. Glaifoseti haiunguzi. Inaingia kupitia jani, inateremka hadi mizizini, na inazuia kimeng'enya ambacho mmea unakitegemea kutengenezea baadhi ya amino asidi. Mmea unakosa cha kujengea protini, unadumaa, unageuka njano baada ya siku kadhaa. Kwa ndago na sangari subiri hata wiki moja au mbili. Dawa inayobabua majani siku hiyohiyo kwenye jua kali ni ya kugusa, na ile rangi ya bluu-kijani na harufu ya kichefuchefu kwenye galoni zake ni za parakwati, dawa nyingine ya magugu. Hiyo inateka nguvu ya mwanga ndani ya jani na kupasua utando wa seli pale ilipogusa. Kwenye mizizi haifiki. Nilifukua ndago shambani kwa jirani: juu majani makavu kabisa, lakini kinundu nilichokikata kilikuwa cheupe na kibichi ndani, na chipukizi tayari limetoboa katikati ya majani yaliyokufa.

Alipobanwa akadai watu walichanganya na maji ya tope. Anajua kujitetea, maana ni kweli glaifoseti hunaswa na chembe za udongo ikaisha nguvu. Ila parakwati nayo hunaswa vilevile. Ingekuwa tope ndilo tatizo, hata hayo majani ya juu yasingeungua.

Hela iliyopotea ni jambo dogo. Parakwati ikimezwa, hata funda moja linaweza kuua. Haina dawa ya kuizimua, na mapafu huharibika taratibu, siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshaonekana ana nafuu. Sasa imo kwenye chupa za maji, kwenye nyumba zenye watoto, na wenye nyumba hawajui walichonacho. (Glaifoseti halisi nayo si ya kuchezea, lakini hizi mbili hazilingani hata kidogo.)

Dukani angalia lakiri, tarehe, namba ya toleo na namba ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), na udai risiti. Asiyetoa risiti mwache na galoni yake.

Aliyekwisha kununua asiimwage mtoni wala chooni, na asiihamishie kwenye chombo kingine. Ifungie mbali na chakula, andika SUMU kwa herufi kubwa, mwite afisa ugani wa kata. Aliyeimeza akimbizwe hospitali saa hiyohiyo hata kama hajisikii vibaya, na chombo chenyewe kipelekwe, daktari aambiwe wazi kwamba lebo inasema glaifoseti lakini kilichomo kinashukiwa ni parakwati.