Soledar na Vuhledar: zawadi ya chumvi, zawadi ya makaa

Miji hii miwili ya mkoa wa Donetsk, mashariki mwa Ukraine, imebeba majina ya ndugu: Soledar ni "zawadi ya chumvi", Vuhledar ni "zawadi ya makaa".

Soledar ndio mkongwe. Chumvi ilianza kuchimbwa huko 1881, na hadi 1991 mji uliitwa kwa jina la mwanamapinduzi Mjerumani, Karl Liebknecht. Chini yake kuna njia za zaidi ya kilomita 200, kavu na nyeupe. Wagonjwa wa pumu walishuka humo kutafuta nafuu, na mwaka 2004 okestra ilipiga muziki katika ukumbi uliochongwa ndani ya chumvi. Mgodi gani wa makaa ungekaribisha wageni hivyo?

Vuhledar ulijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya wachimbaji, maghorofa yakisimama juu ya mwinuko. Historia ya Soledar ni tajiri zaidi, lakini ya Vuhledar ndiyo inayoniuma: yote inaenea ndani ya umri wa mtu mmoja. Soledar ulitekwa na Urusi Januari 2023. Vuhledar ulistahimili hadi Oktoba 2024, ukiwa magofu.