Kipima uga cha mihimili mitatu: miezi minane kando ya tokamaki

Kazi yangu ni kuzunguka jengo la tokamaki, ile mashine ya umbo la pete inayoifungia plazma (gesi ya moto mno) kwa sumaku, na kipimo mkononi, nikihakikisha mstari wa manjano sakafuni bado unasema kweli. Mstari huo ni wa uga wa sumaku wa militesla 0.5, yaani mikrotesla 500, na mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo hauvuki. Uga wa sumaku wa dunia wenyewe ni mikrotesla 25 hadi 65, kwa hiyo mpaka huo ni kama mara kumi yake.

Kabla ya kipimo hiki nilipewa kidude cha kupimia nyaya za nyumbani. Kilinidanganya mchana kweupe. Koili iliyomo husikia uga unaobadilika tu. Sumaku zikishapanda na kutulia, kinaandika sifuri, na dira yangu ya mfukoni imekwisha geuza shingo!

Hiki kina sensa tatu za Hall (vipande vinavyotoa volteji vikiwa ndani ya uga wa sumaku) katika ncha moja, kila moja na mwelekeo wake, nacho kinasoma hata uga uliotulia. Kwa sensa moja unalazimika kugeuzageuza ncha ukitafuta namba kubwa, na pigo la plazma la sekunde chache halikusubiri. Hapa nasimama tu, nasoma. Ndicho kilichonionyesha kwamba zile koili kubwa zinazokumbatia birika la plazma hufungia uga wake ndani vizuri. Unaotoroka zaidi ni wa solenoidi, ile koili ndefu iliyosimama katikati, na koili za pete. Huo hufifia haraka: zidisha umbali maradufu, ukiwa mbali vya kutosha, namba inashuka karibu mara nane. Siku moja haikushuka. Nikawalaumu watu wa koili nusu saa nzima, kumbe kuna kabati la chuma limehamishiwa kwenye korido. Niliomba radhi.

Sasa lawama. Skrini hubadilika mara mbili kwa sekunde, na kitufe cha kushika kilele hushika kile tu kilichopita kwenye skrini. Plazma ikivunjika ghafla, mkondo wake huisha ndani ya milisekunde. Kipimo hakina habari. Sifuri nayo huhama joto likibadilika, hivyo kila asubuhi naitumbukiza ncha kwenye kikopo chake cha kuzuia uga na kusubiri.

Kinachoniudhi hasa ni boksi. Limeandikwa kinapima uga wote wa sumaku-umeme. Wapi! Mawimbi ya kupashia plazma joto hakiyasikii kabisa. Mashine ya ITER, tokamaki ya kimataifa kule Ufaransa, imepangiwa mawimbi ya megahezi 40 hadi 55 na gigahezi 170. Kwa hayo unahitaji vipimo vingine, kila kimoja na ncha yake. Anayenunua kwa kuamini boksi atasaini fomu ya usalama akiwa kipofu.

Nyota nne. Ya tano naizuia mpaka warefushe waya wa ncha. Una mita moja na nusu, na nyuma ya mabomba ya kupozea bado napima nimepiga magoti.