TAHADHARI: springi za upepo za Range Rover P38 "mpya ndani ya boksi"

Jamani kabla hujamtumia mtu hela ya springi za upepo (yale mapulizo ya raba yanayobeba gari badala ya springi za chuma) soma hii kwanza. Jina la muuzaji silitaji, anajijua, na nyie mliokuwepo kwenye lile sakata la giaboksi mnamjua pia.

P38 yangu si mnaijua, asubuhi unaikuta imelala nyuma kushoto kama ngamia aliyegoma, ukiwasha, kompresa ya kujaza upepo inaunguruma haipumziki. Raba zimechoka, hilo halina ubishi. Huyu jamaa nilimwamini kwa sababu anaongea kama fundi kweli, aliniuliza mwenyewe ni za mbele au za nyuma maana haziingiliani, akaniambia nibadilishe zote mbili za nyuma nisibadilishe moja, akanionya nisiishushe gari kwenye jeki springi ikiwa haina upepo raba isije ikajikunja vibaya ikapasuka. Yote kweli tupu! Sasa tapeli gani anakupa ushauri wa bure na wa kweli?

Boksi kalifungua mbele yangu taratiiibu, nailoni, stika inameremeta, katoa springi nyeusi tiii. "Gusa bosi, sikia raba ilivyo laini." Nikagusa. Kidole kikatoka cheusi kina mafuta, nikamwonyesha, akacheka, akasema hayo mafuta ya kiwandani wanapaka raba isikauke stoo. Nikajifuta kwenye suruali nikalipa. Na nikamshukuru juu, nikamwita kaka!

Fundi akafunga, gari ikapanda vizuri kabisa, kesho yake imelala tena upande uleule. Tukamwagia maji ya sabuni, povu linachemka pale chini raba inapojikunja kushukia kwenye pistoni ya springi yenyewe. Fundi akaichomoa akaipangusa na petroli, weusi wote ukahamia kwenye tambara, na chini yake nyufa mstari mzima zimejazwa supagluu. Mtumba umepakwa polishi ya matairi!! Fundi alicheka mpaka akakaa chini, na kwa vijana wa gereji sasa hivi jina langu ni Mafuta ya Kiwandani.

Nikampigia, eti "mmefunga vibaya", halafu kaniblock. Na kompresa kwa kujaza upepo unaovuja usiku na mchana sasa inachemka inajizima yenyewe, kwa hiyo nayo naitafuta (msinitumie namba za watu wa stika tafadhali).

Kwa mnaotaka kununua, raba mpya haipaki mtu masizi. Muuzaji akikuonyesha ubavuni tu mwambie auvute ule mkunjo ufunguke, nyufa zinajificha humo. Springi nyingi zina tarehe ya kutengenezwa kwenye raba, yangu palikuwa pamesuguliwa na msasa na nilipaona nikadhani ndo ilivyo. Na plastiki ya juu ilikuwa na mikwaruzo ya klipu ya kuishikiza kwenye gari, kitu kipya klipu ilishaingia lini?

Hii sio hela tu, springi ikipasuka kwenye kona uko spidi unafanyaje? Mtu kama huyu afungwe, na kabla ya kufungwa alazwe chini ya P38 isiyo na jeki, imeshikiliwa na hizo springi zake, halafu tumuulize tena habari za mafuta ya kiwandani.

Nimesikia tuko wengi. Kama na wewe kakuuzia njoo inbox na picha za mzigo na za malipo twende polisi pamoja, nilivyoenda peke yangu niliambiwa hayo ni mambo ya mnunuzi na muuzaji mkayamalize wenyewe.