Kozi ya uteknishiani wa veterinari kwa masafa: nilivyoiona mimi, Texas

Kozi hii, ya kuwa mtaalamu anayefanya kazi chini ya daktari wa wanyama kama muuguzi wake, inafaa, na mdogo wangu akitaka kuisoma nitamchangia ada. Ila inamfaa mtu ambaye tayari ana kliniki ya kufanyia mazoezi na daktari aliyekubali kumsimamia. Asiye na hivyo viwili asilipe hata senti. Ndugu zetu wa hapa Dallas na Houston wakinipigia huniuliza nilisoma chuo gani, na mimi huwauliza kwanza kama wamepata kliniki. Chuo chenyewe sikitaji, kwa sababu kuna mambo niliyolalamika kwao na bado nayalalamika.

Kabla ya ada, angalia ithibati. Hapa Marekani kozi ya uteknishiani wa veterinari inakaguliwa na kamati ya chama cha madaktari wa wanyama, AVMA, na orodha ya kozi zilizopita iko wazi kwenye tovuti yao. Majimbo mengi hayakuruhusu kukalia mtihani wa taifa, VTNE, kama hukumaliza kozi iliyomo kwenye orodha hiyo. California wana njia ya pembeni ya masomo pamoja na saa 4,416 za kazi, lakini Texas usitegemee hilo. Jirani yangu, mama wa Kikongo, alilipia kozi ya miezi michache iliyokuwa na picha nzuri za mbwa na neno "cheti" kwa herufi kubwa. Ilikuwa kozi ya msaidizi wa kliniki. Alijifunza kitu, sikatai, lakini mlango wa mtihani haukufunguka, na pesa ile ilitoka kwenye zamu zake za usiku kwenye nyumba ya wazee. Iliniuma sana.

Masomo yenyewe ni ya shahada ya miaka miwili kwa anayesoma muda wote. Kwa masafa, ukiwa na kazi na watoto, utachukua zaidi. Unaanza na anatomia na istilahi, unaingia famakolojia, maabara, eksirei, dawa za usingizi, meno, uuguzi wa dharura. Vitabu ni vizuri na mitihani ya kila moduli ni ya haki. Hesabu za dawa ndizo zinazowaangusha wengi: miligramu kwa kilo, kisha mililita, kisha matone ya dripu kwa dakika, na mpira wa aina moja unatoa matone 10 kwa mililita, wa aina nyingine unatoa 60. Nilizifanya kila usiku kwenye daftari la kawaida, watoto wamelala, mpaka mkono ukazoea. Hapa chuo kinastahili sifa zote. Mwalimu wa hesabu alinijibu barua pepe zangu mwenyewe, tena kwa urefu, akinionyesha hatua niliyoiruka.

Nusu ya pili ya kozi ni mikono. AVMA wana orodha ndefu ya kazi ambazo mwanafunzi lazima azifanye mwenyewe, nyingi kwa mnyama hai, na anayesoma kwa masafa anarekodiwa video kama ushahidi. Kutoa damu mshipa wa shingo na wa mguu, kuweka kanula, kuingiza bomba la hewa kooni kwa mnyama aliyelazwa usingizi, kumlaza sawasawa kwenye eksirei, kusafisha meno, kufunga bandeji. Halafu kushika panya, sungura, ndege, farasi na ng'ombe. Msimamizi wako anatia saini kila kazi. Kliniki isiyo na mashine ya eksirei au isiyofanya upasuaji haiwezi kukufikisha mwisho, hata wakupende vipi. Mimi kliniki kadhaa zilinikataa, nyingine kwa adabu, nyingine bila hata kuinua macho kwenye kaunta. Iliyonipokea ni ndogo, ya daktari mzee ambaye sharti lake lilikuwa moja: nianze kwa kufua taulo na kuosha vizimba, anione navyowashika wanyama. Nilikubali, na sijui mwalimu bora kuliko yule.

Malalamiko yangu ni haya. Video ilikuwa inakaa wiki mbili, tatu, bila majibu. Kisha inarudi imekataliwa kwa sababu kidole gumba changu kilifunika sindano kwa sekunde chache. Kurudia si jambo dogo: unamsubiri paka mwingine anayehitaji kutolewa damu, mwenye kliniki akubali, mwenye paka akubali, na mtu wa kukushikia kamera apatikane. Kutomchoma mnyama kwa ajili ya video tu ni sheria nzuri na naiunga mkono kwa moyo wote, lakini kwa sheria kama hiyo chuo kinatakiwa kusahihisha haraka. Na dawati lao la wanafunzi lilinizungusha kwenye simu kama mpira. Hapo naondoa nyota nzima.

Sasa niseme kilichonifanya niione thamani ya ada. Kwenye moduli ya maabara wanakulazimisha kuhesabu chembe nyeupe za damu 100 kwa darubini, moja baada ya nyingine, uandike ngapi ni neutrofili, ngapi limfosaiti, ngapi esinofili. Wanafunzi wengi walilalamika kwamba kliniki zina mashine. Kweli zipo. Siku moja mashine yetu ilichapa kwamba paka wa mama mmoja ana chembe sahani, zile zinazogandisha damu, chache mno, kiwango cha kuogopesha. Paka mwenyewe alikuwa anakula, fizi za rangi ya waridi, hana doa la damu mahali popote. Nilitandaza tone kwenye slaidi, nikapaka rangi, nikaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa mwisho ambako damu imekuwa nyembamba, kama tulivyofundishwa. Chembe sahani zilikuwepo tele, zimegandamana mafungumafungu. Damu ya paka ina tabia hiyo, na mashine haihesabu fungu kama chembe nyingi. Nikamwita daktari akaangalia, akaniambia niandike kwenye faili. Yule mama aliondoka na paka wake bila kulipia vipimo vingine vya mamia ya dola. Mashine bila mtu aliyesoma ingempa usiku wa machozi.

Moduli ya wanyama wakubwa ilinipa raha ya pekee. Nimekulia Tanga, nyumbani tulifuga mbuzi, na mbuzi namjua tangu utotoni. Tulipokwenda kwenye ranchi na daktari wa ng'ombe, wenzangu waliosoma maisha yao yote mjini walimzunguka mbuzi wakiogopa pembe. Mimi nilimshika chini ya taya, nikamkalisha ubavuni mwangu, dawa ya minyoo ikapita shavuni. Mama aliposikia kwenye simu alicheka kwa furaha, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu sasa ni daktari wa mifugo?" Nikamwambia, "Hapana mama. Daktari ndiye anayetaja ugonjwa, anayeandika dawa na anayepasua. Mimi natoa damu, napima, namlaza mnyama usingizi kwa maelekezo yake na kumlinda asife akiwa amelala." Akasema hiyo si kazi ndogo. Si ndogo, kwa kweli.

Waislamu wenzangu huniuliza kwa sauti ya chini kuhusu mbwa. Nilipanga hivi: nguo za kazi na viatu vinabaki kliniki, glavu haziondoki mkononi, naoga na kubadili kabla ya swala, na daktari wangu aliheshimu ratiba yangu bila maswali. Linalochosha moyo zaidi ni siku za kumlaza mnyama asiamke tena. Moduli inayofundisha jinsi ya kusimama na mwenye mnyama saa hiyo ni fupi mno, na ningependa waiongeze.

Mtihani wa VTNE una maswali 170 ndani ya saa 3, na 150 tu ndiyo yanayohesabiwa. Mengine 20 yanajaribiwa kwa mitihani ijayo na hujui ni yapi. Alama zinapangwa kati ya 200 na 800, na kufaulu ni 425. Kozi ilinitayarisha vizuri kwenye uuguzi na dawa, kidogo kwenye dharura. Ukishafaulu, Texas inakutaka ufanye pia mtihani wa sheria za jimbo kabla bodi haijakupa leseni, na hapo unaitwa LVT, yaani teknishiani wa veterinari mwenye leseni. Ukihamia Ohio cheo ni RVT, Tennessee ni LVMT, na kila bodi ina fomu zake na ada zake.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa kuwa wengi wetu tunatuma nyumbani. Takwimu za wizara ya kazi za Mei 2023 ziliweka mshahara wa katikati wa kazi hii kwenye dola 43,740 kwa mwaka. Muuguzi wa binadamu aliyesajiliwa alikuwa kwenye 86,070. Anayetafuta kipato peke yake aende uuguzi, asijidanganye. Aliye na mapenzi ya wanyama na uvumilivu wa kusomea jikoni usiku, kozi ya masafa yenye ithibati ndiyo njia ya bei nafuu niliyoiona, nami naipa nyota nne kati ya tano.

Na nyinyi mliokuja na stashahada ya afya ya mifugo kutoka Tengeru, Buhuri au Kabete, msikimbilie kuanza upya. Muungano wa bodi za majimbo, AAVSB, una utaratibu uitwao PAVE wa kupima masomo ya mateknishiani waliosomea nje. Si kila jimbo linaupokea kwa namna moja, kwa hiyo iandikieni bodi ya jimbo mnaloishi, mpate jibu kwa maandishi, ndipo mtoe nakala za matokeo na kulipia chochote.