Kutengenezewa nembo Nairobi: River Road, Canva au mbunifu wa kujitegemea?

Nembo ya biashara ndogo ipimwe kwanza kwenye risiti, bango litafuata. Printa nyingi za kaunta hutumia karatasi ya joto (inayochapwa kwa joto badala ya wino) yenye upana wa milimita 58 au 80. Huchapa nyeusi tupu, na uwezo wake wa kawaida ni nukta 8 kwa kila milimita. Kwenye karatasi ya milimita 58, sehemu inayochapika ni milimita 48, sawa na nukta 384. Nembo ikiwekwa kwa upana wa milimita 20 inapata nukta 160 tu.

Sasa chukua nembo ya duka la maziwa la mtaani: ng'ombe aliyechorwa hadi nywele za mkia, duara lenye kijani kinachofifia kuingia njano, na chini yake maneno "Maziwa safi moja kwa moja kutoka shambani". Maneno hayo, pamoja na nafasi zake, ni herufi 41. Ukizigawia nukta 160, kila herufi inapata chini ya nukta nne, na kwa nukta nne huwezi kuandika "m" ikasomeka. Duara linageuka vumbi la nukta kwa sababu printa haina kijivu. Ng'ombe anabaki doa. Hii ndiyo karatasi anayoondoka nayo kila mteja, na mwenye duka huiona siku ambayo kadi na bango vimeshalipiwa.

Kipimo hicho ndicho tulichotumia kuzilinganisha njia tatu ambazo mfanyabiashara mdogo wa Nairobi huzifuata kutafuta nembo.

Wengi huanzia kwenye maduka ya uchapaji ya River Road na vichochoro vyake. Unapanda ngazi, unamkuta kijana mbele ya CorelDRAW, programu ya kuchora kwa kompyuta, unamweleza biashara yako, na saa ya chakula cha mchana haijafika unayo nembo. Shilingi 1,000 hadi 3,000 kwa kawaida zinatosha, na ukiagiza kadi au bango papo hapo wapo wanaokuwekea nembo bila malipo ya ziada. Kwa kasi hakuna anayewashinda. Jambo jingine wanalostahili kusifiwa, ambalo wabunifu wengi wa mtandaoni hawana, ni kwamba wanaijua mashine. Mbunifu wa River Road anajua kuwa bluu yenye siani (wino wa samawati) asilimia 100 na majenta (wino wa waridi iliyokolea) asilimia 100 inang'aa kwenye skrini lakini karatasini inatoka zambarau, kwa hiyo anaishusha majenta hadi 70 au chini zaidi kabla hujauliza. Anajua pia kwamba maandishi madogo meusi yawekwe kwa wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa rangi nne, sahani za uchapaji zikipishana hata kwa uzi, herufi zinatoa kivuli. Elimu hii ameipata kwa wateja wanaomrudishia kazi mbovu siku hiyo hiyo.

Udhaifu wao uko kwenye alama yenyewe. Muda wa nusu saa hautoshi kuchora kitu kipya, basi kijana anafungua hifadhi ya michoro iliyo tayari: jani, mikono miwili, dunia, mtu aliyeinua mikono. Kliniki, sako na kampuni ya usafi zikajikuta na jani moja, tofauti ikiwa rangi tu. Dawa yake ni kwenda na wazo lako mwenyewe, hata kama umelichora kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, na kumwambia hutaki kitu chochote cha kwenye hifadhi. Huhitaji kujua kuchora. Herufi ya kwanza ya jina la duka, ikikatwa mahali pamoja kwa ubunifu, itakufaa kuliko jani la kuazima.

Shida kubwa zaidi ni faili. Mteja anaondoka na picha ya JPG iliyotumwa WhatsApp, tena kama picha ya kawaida, kwa hiyo imeshabanwa na kupoteza ubora njiani. Siku ya kutengeneza kibao, fundi wa stika anamwambia haifai. Mashine ya kukata stika hufuata mistari, na JPG haina mistari, ina pikseli. Fundi analazimika kuchora upya juu ya ile picha, "a" inanenepa, "s" inapinda, na malipo yanatozwa mara ya pili. Duka lililochora nembo lilikuwa na faili halisi muda wote. Halikukupa kwa sababu hukuiomba, na kwa sababu ukiikosa utarudi kwao kila unapotaka kuchapisha.

Kwa hiyo kabla ya kumaliza malipo, mwambie hivi: "Kaka, nipe CDR uliyohifadhi kwa toleo la zamani, na PDF ambayo maandishi yote umeyageuza michoro." CDR ni faili ya CorelDRAW yenyewe. Toleo la zamani ni muhimu, kwani CorelDRAW ya nyuma haifungui faili iliyohifadhiwa na ile mpya zaidi, na mafundi wa mjini hawatumii toleo moja. Kugeuza maandishi kuwa michoro ni kubonyeza Ctrl+Q. Asipofanya hivyo, kompyuta isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine yoyote, na jina la duka lako litabadilika sura. Ongeza SVG, ambayo nayo ni faili ya mistari, na PNG isiyo na mandhari nyeupe nyuma yake. Zikitumwa WhatsApp, zitumwe kama hati. Kisha ifungue PDF kwenye kompyuta na uikuze hadi asilimia 6400. Kingo zikibaki kali, umepewa vekta ya kweli, yaani mchoro wa mistari. Ukiona vigae vya mraba, hiyo ni JPG iliyovalishwa PDF, na usitoe salio la pesa.

Kuhusu rangi, maduka haya hukupa unachotaka bila kukuuliza swali, na hapo wateja wengi huumia. Kijani ni mfano mzuri. Katika mtaa wowote wa Nairobi, kijani kwenye mlango wa kibanda kinasomeka kuwa ni M-Pesa. Duka la mboga lenye kibao cha kijani na nyeupe, likiwa limepakana na wakala, linapotea kabisa machoni pa mpita njia, au linapokea watu wanaouliza kama kuna floti. Kama lazima iwe kijani, kiwe kizito kinachokaribia nyeusi, kiambatane na rangi ya pili yenye joto. Jua nalo lisisahauliwe. Jiji hili liko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na kibao kinachotazama magharibi kinapigwa jua alasiri yote. Wino wa njano na wa majenta huchujuka mapema kuliko siani na nyeusi, ndiyo maana mabango ya zamani barabarani yamebaki na ubluu ubluu. Nembo nyekundu ya kuchapishwa ifunikwe laminati, la sivyo ikatwe kwenye stika iliyotiwa rangi kiwandani, ambayo hudumu zaidi.

Njia ya pili ni Canva, programu ya mtandaoni ya kujitengenezea michoro. Kwa matangazo ya WhatsApp, menyu na bei za wiki, ni kifaa bora kabisa, na mtu asiyejua kuchora hutoa kazi safi kwa simu yake. Kwa nembo tunaipendekeza kwa sharti moja: usitumie kiolezo wala mchoro wowote wa kwenye maktaba yao. Masharti ya Canva yenyewe yanasema michoro hiyo ni leseni isiyo ya mtu mmoja. Mwenye duka mwingine, awe Kisumu au Manila, ana haki ya kuitumia kama wewe, nawe huwezi kuisajili kuwa alama yako ya biashara. Yanayoruhusiwa ni fonti, mistari na maumbo ya msingi kama duara na mraba. Kwa vitu hivyo tu, nembo ya maandishi inatengenezeka vizuri. Chagua fonti moja nzito, andika jina, punguza au ongeza nafasi kati ya herufi hadi jina lisimame kama kitu kimoja, weka rangi moja, acha hapo. Kishawishi cha kuongeza kijiko, uma na mvuke juu ya jina la hoteli ndicho kinachoharibu kazi nyingi.

Kuna kikwazo cha malipo pia. Akaunti ya bure haitoi SVG wala PNG isiyo na mandhari, na rangi za CMYK (wino nne za uchapaji: siani, majenta, njano na nyeusi) ziko kwenye akaunti ya kulipia. Nembo ya akaunti ya bure hufika kwa mpiga chapa ikiwa na boksi jeupe nyuma yake, na boksi hilo huonekana mara tu inapowekwa juu ya karatasi ya rangi. Lipa mwezi mmoja, pakua faili zote, zihifadhi kwenye barua pepe yako.

Njia ya tatu, mbunifu wa kujitegemea, ndiyo tunayoiamini zaidi kwa biashara inayokusudia kuwa na kibao, vifungashio na sare. Bei huanza kwenye maelfu kadhaa na kupanda hadi makumi ya maelfu, kutegemea anachokabidhi. Ukurasa wake wa kazi usikuvutie haraka: picha za kadi inayoelea na kikombe chenye nembo ni violezo vinavyopatikana kila mahali. Omba picha ya kibao halisi, kilichopigwa vumbi, kwenye mtaa halisi. Mbunifu aliyewahi kufikisha nembo hadi ukutani anazo.

Mwenendo wa kazi nzuri hufanana. Anauliza kwanza: unauzia nani, jirani zako wana rangi gani, nembo itakaa wapi. Analeta michoro miwili au mitatu kwa nyeusi na nyeupe, bila rangi, kwa makusudi, maana umbo likishindwa kusimama bila rangi halitasimama kwenye risiti wala muhuri. Rangi inaingia ukishachagua umbo. Marekebisho huwekewa kikomo, mara nyingi duru mbili au tatu, na nusu ya pesa hulipwa mwanzoni. Anayekuletea michoro kumi siku inayofuata hajafikiri. Amekuachia wewe kazi ya kuchagua aliyopaswa kuifanya yeye.

Mradi wa nembo mara nyingi huvunjika kwenye matumizi ambayo hakuna aliyeyataja. Muhuri wa duara wa milimita 40 hauvumilii mistari chini ya milimita 0.3, kwani wino huijaza. Sare za kudarizi haziwezi herufi za chini ya milimita 5 hivi. Nyuzi zinazibana na tundu la "e" linapotea. Kwa fulana za kuchapwa kwa fremu, kila rangi ni fremu yake na gharama yake, hivyo nembo ya rangi nne kwa fulana 20 inauma mfuko. Picha ya wasifu ya WhatsApp hukatwa duara, na nembo ndefu ya mlalo inapoteza pembe zote mbili. Ndiyo maana kifurushi kamili kina nembo katika sura tatu: ya mlalo, ya wima, na alama peke yake, kila moja ikiwa na toleo la rangi, jeusi na jeupe. Kiambatane na ukurasa mmoja wa mwongozo unaotaja rangi kwa namba za CMYK na RGB (rangi za skrini), jina la fonti na leseni yake, na upana mdogo unaoruhusiwa. Ukurasa huo ndio unaozuia fundi wa bango kukisia nyekundu yako. Kuhusu fonti, za Google Fonts ni huru kwa biashara. Zile zilizoandikwa kuwa ni za matumizi binafsi zitakudai baadaye.

Sheria ya Kenya ya hakimiliki ya 2001 inaichukulia kazi iliyoagizwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vingine. Soma basi mkataba wa mbunifu kabla ya kutia sahihi. Wapo wanaobaki na haki au na faili za kazi kwa kipengele kimoja kifupi.

Lipo pia jambo ambalo hakuna hata mmoja wa hawa watatu atakufanyia bila kuombwa, nalo ni upekuzi. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen hakukupi haki ya nembo. Alama za biashara husajiliwa KIPI (Kenya Industrial Property Institute), na upekuzi hufanywa huko kabla kibao hakijachorwa. Maombi yakikubaliwa hutangazwa, watu wana siku 60 za kupinga, na usajili hudumu miaka 10 kisha huhuishwa. Bendera na nembo ya taifa usiziguse. Matumizi yake kibiashara yanazuiwa na sheria. Usajili hulipiwa kwa daraja la bidhaa au huduma, kati ya madaraja 45, kwa hiyo mwenye salun anayeuza pia mafuta yake ya nywele anahitaji mawili: 44 kwa huduma ya salun na 3 kwa mafuta.