Pro Evolution Soccer 6 Baada ya Takriban Miaka 20: Je, Bado Unachezeka?

Kampuni ya Konami ilipoutoa mchezo huu wa video wa soka mwaka 2006, PlayStation 2 ndiyo iliyokuwa mashine kuu katika vibanda vingi vya gemu vya Afrika Mashariki, ambako vijana walilipia kwa mechi na aliyefungwa alimpisha mwingine. Nimeurudia kwenye mashine ileile, kwa pedi za waya, nikitaka kujua kama sifa zake zilitokana na ubora wake au na ujana wetu sisi tuliokuwa tukiucheza. Nimeridhika kwamba soka lenyewe halijachakaa, ingawa mengi yanayolizunguka yamechakaa.

Siri yake ni mpira. Haukunatishwa mguuni mwa mchezaji. Unadunda, unamponyoka anayeupokea vibaya, unagonga kisigino cha beki na kuelekea mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Chukua Inter ya Italia, umpe mshambuliaji wake Adriano mpira upande wa kulia nje ya eneo la hatari, aingie ndani na kuuweka kwenye mguu wake wa kushoto, kisha bonyeza kitufe cha mraba kwa kipimo: shuti lile bado linatisha. Lakini ukimlazimisha apige kwa mguu wa kulia, mwili umeelekea pembeni na beki amembana, hata nguvu yake ya shuti ya 99, alama ya juu kabisa mchezoni, haimwokoi, na mpira unaishia jukwaani. Mchezo hukuadhibu kwa sababu unayoweza kuiona kwa macho, nawe mara inayofuata unatuliza mpira kwanza. Hilo ndilo linalonifanya niuthamini kuliko michezo kadhaa ya miaka ya karibuni yenye sura nzuri zaidi.

Master League, sehemu ya kuongoza klabu msimu baada ya msimu, nayo ingali na mvuto wake wote. Unaanza na kikosi cha wachezaji wa kubuni, akina Ivarov, Minanda na Castolo, ambao ni wazito na hawana ujuzi mkubwa, na kila ushindi unakuletea pointi za kusajili wengine. Msimu ukiisha, mishahara inakatwa katika pointi hizo hizo, na ukishindwa kuilipa, safari yako imekwisha. Ndiyo maana bao la Castolo la dakika za mwisho dhidi ya timu ya daraja la pili linaweza kuwa na uzito kuliko fainali ya kombe lolote. Wachezaji huchoka, huzeeka na kustaafu, kisha baadhi yao hurejea sokoni wakiwa vijana wadogo, jambo lisilowezekana katika maisha ya kweli lakini linalokupa sababu ya kupanga misimu mingi mbele.

Kasoro zipo, na nyingine ni kubwa. Mchezaji anakimbia kuelekea pande nane tu, hivyo aliyezoea michezo ya sasa atahisi kwamba winga wake anakata kona badala ya kupinda. Makipa hutema mashuti mepesi mbele ya lango, na watangazaji hurudia maneno yaleyale hadi ukaamua kuzima sauti zao. Kwa kukosa leseni, Chelsea inaitwa London FC na Liverpool ni Merseyside Red, huku ligi ya Ujerumani ikikosekana kabisa. Sehemu ya kuhariri majina na jezi inasaidia, kwa mwenye subira.

Anayetaka kuununua aangalie kwanza televisheni yake. PlayStation 2 ilitengenezewa televisheni za kioo cha zamani, na ukiiunganisha na skrini bapa picha hufifia na, baya zaidi, pedi inaweza kuonekana kuchelewa kuitikia, jambo linaloharibu pasi za kupenyeza kuliko kitu kingine chochote. Kama televisheni ya zamani haipatikani, washa mpangilio wa gemu kwenye skrini yako kabla hujaulaumu mchezo. Usisahau pia memori kadi, kwa kuwa mashine hii haina hifadhi yake ya ndani; bila kadi hiyo, msimu wako wote wa Master League unafutika pindi umeme ukikatika.