OpenConnect kwenye Ubuntu: uzoefu wangu wa kuunganisha VPN ya kazini nikiwa Nairobi

Kama mwajiri wako amekutumia faili ya .deb (faili ya kusakinishia programu kwenye Ubuntu) ya VPN, ile njia ya siri ya kuufikia mtandao wa kazini, na laptopu yako ina Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, jaribu programu ya VPN iitwayo OpenConnect kabla hujaigusa faili hiyo. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hapa Nairobi tuko wengi tunaofanyia kazi nyumbani na wengi hukwama mahali hapa hapa, wakaishia kudhani kwamba Linux ndiyo yenye shida.

Mimi ni mhasibu. Nafanyia kazi nyumbani, Umoja, na hesabu zote ziko kwenye seva ambayo haifikiki ila kwa VPN. Laptopu yangu ni ThinkPad T460, zile za mitumba zinazouzwa katikati ya jiji. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, ilibidi ama ninunue mashine nyingine ama niweke Linux. Nikaweka Ubuntu 24.04. Wifi ilikubali, printa ikakubali, LibreOffice ikafungua majedwali yangu yote bila taabu. VPN peke yake ndiyo iligoma.

Programu niliyopewa kazini, ambayo sitaitaja, ilikuja na maelekezo mafupi: bofya mara mbili, weka nywila, subiri. Nilipobofya, kidirisha kilizunguka kikanyamaza, bila neno. Hapo ndipo terminali, dirisha la kuandikia amri, inapokuwa rafiki. Nenda kwenye folda yenye faili, kisha andika:

sudo apt install ./jina-la-faili.deb

Ile nukta na mkwaju mbele ya jina ni lazima. Bila hivyo apt, kisakinishi cha Ubuntu, itaenda kutafuta kifurushi hicho kwenye hazina ya Ubuntu (ghala lake la programu mtandaoni) na kukuambia hakipo. Watu wengi huelekezwa watumie dpkg -i. Mimi siipendekezi. Dpkg haiendi kutafuta vifurushi vingine vinavyohitajika. Inaacha programu imesakinishwa nusu, na baada ya hapo apt inakataa kusakinisha kitu kingine chochote hadi uondoe uchafu huo. Kama tayari umefika huko, sudo apt --fix-broken install kwa kawaida husafisha, mara nyingi kwa kuiondoa programu yenyewe iliyokwama. Iache iondoke.

Apt ilinieleza waziwazi kilichokosekana: maktaba, yaani kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingine, iitwayo libwebkit2gtk-4.0-37. Hiyo ndiyo programu ile iliitegemea kuchora ukurasa wa kuingilia, pale unapoandika jina na nywila. Ubuntu 24.04 haina toleo hilo la 4.0, ina 4.1. Maana yake ni kwamba aliyeitengeneza programu aliitengenezea Ubuntu ya zamani na hajarudi kuitazama. Mambo kama haya yalitokea pia Ubuntu 22.04 ilipokuja na OpenSSL 3 na kuiacha libssl1.1, programu nyingi za nje zikabaki zinadai maktaba ambayo haipo tena. Kwa hiyo ukiona jina la maktaba linaloanza na lib na nambari nyuma yake, usianze kulaumu wifi yako wala kuweka Ubuntu upya. Kompyuta iko sawa, ila kifurushi kimepitwa na wakati.

Nikawapigia watu wa ICT. Jibu likawa, "Dada, hiyo Linux hatuna msaada nayo. Tafuta Windows." Kijana yule alisema kwa upole, na ninaelewa ana foleni ya watu wanaomngoja, lakini kwa mfanyakazi mwenye laptopu moja jibu hilo ni sawa na kuambiwa akanunue nyingine.

Kuna njia ya mkato ambayo utaikuta kila mahali: ongeza hazina ya Ubuntu ya zamani, chota maktaba ile, sakinisha kwa nguvu. Nimeikataa na ninasisitiza wengine waikatae. Maktaba inayofungua kurasa za wavuti na kupokea nywila yako inahitaji masasisho ya usalama yanayoendana na mfumo ulio nao. Tena, ukichanganya matoleo mawili ya Ubuntu, siku ya kupanda toleo jipya vifurushi hukabana koo. Kwenye seva ile ya kazini kuna mishahara ya watu na PIN zao za KRA, mamlaka ya kodi. Siwezi kuifikia kwa mlango niliotoboa mwenyewe.

OpenConnect imo ndani ya hazina ya Ubuntu yenyewe, kwa hiyo inasasishwa pamoja na mfumo mzima. Ni programu huria, na jinsi ilivyoanza kunafundisha: watengenezaji wake walianza baada ya kujaribu programu ya Cisco AnyConnect kwenye Linux na kukuta upungufu mwingi, ukiwemo kutoungana na NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Linux, na kukosa vifurushi halisi vya kusakinishia vya DEB na RPM. Yaani ilizaliwa kutokana na kero kama yangu. Leo inazungumza lugha za malango kadhaa (lango ni seva ya kazini inayoipokea VPN yako) zaidi ya la Cisco, pamoja na GlobalProtect ya Palo Alto, Pulse, F5 na Fortinet.

Kuisakinisha ni mstari mmoja:

sudo apt install network-manager-openconnect-gnome

Kifurushi hicho kinavuta vingine vyote vinavyohitajika. Kisha fungua mipangilio ya mtandao, nenda sehemu ya VPN, bofya alama ya kujumlisha. OpenConnect itakuwa kwenye orodha. Kama haionekani, sudo systemctl restart NetworkManager inatosha kuileta. Chagua aina ya lango, andika anwani yake, hifadhi. Mimi niliita muunganisho wangu "kazini". Nikawasha, kikaja kisanduku cha jina na nywila, kisha namba ya siri ya kwenye simu, na seva ikafunguka. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Ikigoma kwako, usiendelee kubofya. Jaribu kwenye terminali, kwa sababu huko inasema kila hatua inayopitia:

sudo openconnect --protocol=gp anwani-ya-lango

Gp ni kwa GlobalProtect. Andika fortinet, pulse au f5 kulingana na lango lenu. La Cisco halihitaji neno hilo kabisa, kwani ndilo chaguo la kawaida. Maandishi yatakuonyesha kama kasoro iko kwenye nywila, kwenye cheti au kwenye njia. Cheti, yaani kitambulisho cha seva, nakusihi ukitazame vizuri. Programu ikikuambia haikitambui cheti cha seva, usikubali tu ili mambo yaendelee. Wapigie ICT, wakusomee alama ya cheti chao, ulinganishe.

Sasa nije kwenye lililonisumbua baada ya kuunganika, na ambalo sikuona likielezwa vizuri popote. VPN ilikuwa hewani lakini intaneti nyingine yote ikawa nzito, hata iTax, tovuti ya kodi ya KRA, ikawa inajikokota. Sababu ni kwamba lango letu liko Ulaya, na OpenConnect ilikuwa inapitisha kila kitu huko. Nikifungua tovuti iliyo kwenye seva ya hapa hapa Nairobi, data inatoka Umoja, inavuka bahari, inazunguka, inarudi Nairobi. Tuna KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti kilichoanza mwaka 2000, ambacho kazi yake hasa ni kuizuia safari hiyo. VPN iliyopangwa vibaya inakifanya kituo hicho kisikufae kitu. Dawa yake ni:

nmcli connection modify kazini ipv4.never-default yes

Zima VPN, uiwashe tena, na sasa kinachopita kwenye VPN ni zile anwani za kazini tu ambazo lango limezitaja. Kama lango halitaji anwani zozote, utakosa kufika hata kwenye seva ya kazi, na itabidi uziongeze mwenyewe. Lakini omba ruhusa kwanza. Kuna waajiri wanaotaka mawasiliano yote yapite kwao kwa sababu za usalama, na hiyo ni haki yao. Mimi niliandika barua pepe, wakakubali, ndipo nikabadilisha.

Majina ya ndani ya seva yakikataa kufunguka ilhali anwani za nambari zinafunguka, andika resolvectl status utazame kama DNS ya kazini (seva inayotafsiri majina kuwa anwani za nambari) imeorodheshwa chini ya muunganisho wa VPN. Kwangu ilikuwepo.

Kisha kuna siku za stima kupotea. Faiba ya nyumbani inazimika na ruta, nahamia kwenye bando za simu. Mara nyingine VPN inaunganika vizuri, faili ndogo zinafunguka, kubwa zinaganda katikati. Hiyo mara nyingi ni MTU, yaani ukubwa wa pakiti moja: njia ya simu inapitisha pakiti ndogo kuliko zile 1500 za kawaida. Nikiongeza --base-mtu=1300 kwenye amri ya openconnect, zinapita. Kwenye wifi ya mkahawa unaozuia UDP, njia ya haraka ya kusafirisha data, OpenConnect hubaki kwenye TCP, njia ya polepole zaidi, bila kukatika. Kasi inashuka lakini kazi inaendelea, na hilo nimelipenda mno.

Upungufu upo. Nikifunga kifuniko cha laptopu muunganisho unakatika, na lazima niingize namba ya siri upya. Mahali ambapo kuingia kunafanyika kupitia ukurasa wa kivinjari, usanidi ni mgumu zaidi na hautegemei kubofya tu. Na kama lango lenu linakagua kompyuta kabla ya kuiruhusu, kwa mfano kutafuta antivairasi, utahitaji skripti ya ziada, na hapo msaada wa ICT ni wa lazima. Kwa sababu hizo naipa nyota 4 kati ya 5.

Kabla ya kuanza, waombe kazini vitu vitatu kwa maandishi: anwani ya lango, aina yake, na jina la kundi lako la kuingilia kama lipo. Na anayetumia Fedora, kifurushi chake kinaitwa NetworkManager-openconnect-gnome, N na M zikiwa kubwa, na kinasakinishwa kwa dnf.